Philadelphia Wana Kengele, Sisi Tuna Mizani: Mambo Tisa Kuhusu Kuanzisha Nchi, Yakihesabiwa Kutoka Bariadi

Julai 4, 2026 ndiyo siku Marekani inatimiza miaka 250 tangu itangaze kwamba haimtaki tena Mfalme George wa Tatu. Wenzetu wale wanajua kusherehekea: fataki, nyama choma, hotuba, na majina ya waasisi yanatajwa utadhani ni wajomba waliohama mtaa juzi. Washington, Jefferson, Franklin, Adams. Hongera zao. Lakini mtu akikusimamisha pale stendi ya Bariadi akakuomba utaje watano kati ya wale 17 waliounda TANU Julai 7, 1954, ukishamtaja Mwalimu Nyerere utaanza kutafuta chenji mfukoni. Nikusaidie: Abdulwahid Sykes, Dossa Aziz, John Rupia, Saadani Abdu Kandoro. Umeshapata watano, sasa hesabu chenji yako kwa amani.

Basi tuhesabu na mambo tisa kuhusu kuanzisha nchi, kutoka la tisa hadi la kwanza, ya Philadelphia yakipimwa kwa ya Usukumani. Bariadi nimeichagua makusudi. Simiyu ndiyo inayoongoza nchini kwa pamba, na mimi naamini kabisa kwamba Tanganyika haikuanzishwa Dar es Salaam peke yake. Sehemu kubwa ilianzishwa kwenye vituo vya kununulia pamba. Ubishi unaruhusiwa. Mwangaluka, twende.

9. Usiipende tarehe mapema

Wajumbe wa makoloni 13 waliokutana Philadelphia walipiga kura ya kujitenga na Uingereza Julai 2, 1776. John Adams akamwandikia mkewe kwamba siku hiyo itasherehekewa na vizazi vyote. Siku mbili baadaye wakapitisha maandishi ya tangazo lenyewe, na watu wakashika tarehe 4. Adams hakuwa na la kufanya. Ila alijua kuaga: alifariki Julai 4, 1826, siku hiyohiyo aliyofariki Thomas Jefferson.

Sisi tuna Saba Saba, Desemba 9, Januari 12, Aprili 26, na Nane Nane ambayo mwaka 2018, 2019 na 2020 kitaifa ililetwa viwanja vya Nyakabindi, hapa Bariadi. Mgeni akilalamika kwamba sikukuu ni nyingi, mwambie nchi hii ilizaliwa kwa awamu, na kila awamu ina wenyewe.

8. Hesabu waliokosekana chumbani

Tangazo la 1776 lilitiwa saini na wanaume 56. Katiba ya 1787 ilijadiliwa na wanaume 55, wakasaini 39. TANU ilianzishwa na wanaume 17. Umeona kitu kinachojirudia? Abigail Adams alimwomba mumewe mapema, mwaka 1776, kwamba katika sheria mpya asiwasahau wanawake. Mumewe akalichukulia kama mzaha. Haki ya wanawake wa Marekani kupiga kura ikaingia kwenye Katiba mwaka 1920. Miaka 144 kusubiri jibu la barua, posta gani hiyo?

Tanganyika tulikuwa wepesi zaidi, na sababu ina jina: Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1955 alipopewa kazi ya kuongoza wanawake wa TANU, hakuanza na ofisi. Alianza na vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, kwa sababu wanawake walikuwa tayari wamejipanga humo, wana viongozi, wana michango, wana nidhamu. Wanaume wengi waliogopa kuonekana na kadi mbele ya mwajiri. Wanawake wakazinunua. Halafu nchi hiyohiyo aliyoisaidia kuzaliwa ikamhukumu kifungo cha maisha kwa uhaini, ikamwachia 1972, na baadaye ikaipa barabara kubwa jina lake. Barabara ni nzuri. Kumfundisha darasani kungekuwa kuzuri zaidi, na shule za Itilima na Meatu zianze, kwa sababu palizi ya pamba na uchumaji wake huko ni jasho la wanawake, na jina kwenye daftari mara nyingi ni la baba.

7. Mfalme haondoki kwa siku moja

Wamarekani walimtukana mfalme kwenye karatasi mwaka 1776, wakapigana naye hadi mkataba wa amani wa 1783. Sisi tulipata uhuru Desemba 9, 1961, tukabaki na Malkia Elizabeth kama mkuu wa nchi kwa mwaka mzima, hadi Jamhuri ya Desemba 9, 1962. Watu husahau mwaka huo. Nyerere mwenyewe hakuumaliza akiwa Waziri Mkuu: alijiuzulu Januari 1962, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda mikoani kukijenga chama.

Kisha ikafika zamu ya watemi. Mwaka 1963 Serikali ilifuta mamlaka ya machifu kwa sheria, na Usukumani, ambako kila eneo lilikuwa na mtemi wake, Ntuzu ikiwemo, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko kumuaga Malkia ambaye hakuna aliyemwona akipita. Baadhi ya watemi walikuwa watu wa maana sana. David Kidaha Makwaia wa Shinyanga alikuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria, mwaka 1945, pamoja na Abdiel Shangali wa Machame. Wengine walitumwa kusimamia amri za mkoloni za kilimo na mifugo, na heshima ikawaponyoka mashambani kabla sheria haijawafikia.

Na mfalme wa mwisho wa kumwondoa ni yule anayeweza kuota ndani ya mwanzilishi mwenyewe. George Washington aliondoka 1797 baada ya vipindi viwili, hakuna aliyemfukuza. Nyerere aliondoka 1985. Kati ya yote waliyofanya wawili hawa, mimi hili naliweka juu kabisa.

6. Jifunze kushindana na jirani bila kumfuta

Januari 1958 TANU ilikutana Tabora na mfupa mgumu mezani. Waingereza walikuwa wameleta kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja, la sivyo kura yake inaharibika. Kura yenyewe ilikuwa ya wachache, wenye kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu, au wadhifa uliotajwa. Wengi walitaka kususa. Nyerere akawashawishi waingie. Waliingia, na wagombea wa TANU na wale walioungwa mkono nayo wakashinda uchaguzi wa 1958 na 1959, hao Wazungu na Wahindi wakiwemo. Mtego ukamnasa mtegaji.

Philadelphia nao walikuwa na maridhiano yao, na lazima tuyatofautishe. Kukubaliana kwamba jimbo dogo na jimbo kubwa yawe na maseneta sawa, hayo yalikuwa maridhiano. Kukubaliana kwamba mtumwa ahesabiwe kama tatu ya tano ya mtu ili bwana wake apate wabunge wengi, hiyo ilikuwa bei iliyolipwa na mtu ambaye hakuitwa sokoni. Ukisikia neno maridhiano, muulize msemaji nani analipa. Na hata Tabora swali hilo lina uzito: mkulima wa Maswa asiye na pauni 150 aliambiwa asubiri.

Aliyekataa uamuzi wa Tabora alikuwa Zuberi Mtemvu. Akatoka, akaunda African National Congress, na mwaka 1962 akagombea urais dhidi ya Nyerere. Hakufikisha hata asilimia mbili. Nampenda Mtemvu kwa sababu alienda hadi mwisho wa hoja yake akiwa karibu peke yake. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja, na mlango huo ukafungwa hadi 1992.

Hapa Usukumani tulikuwa na jibu tangu zamani. Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma msimu wa mavuno, kila upande na manju wake, dawa zake na vituko vyake, na mshindi ni yule anayevuta umati mkubwa. Aliyeshindwa hasemi uwanja uvunjwe, na aliyeshinda hasemi wale wengine wasirudi mwakani. Ukiwafuta Bagalu, Bagika watacheza na nani? Ndiyo maana sikushangaa vyama vingi viliporudi na Bariadi ikamtoa John Cheyo, Bwana Mapesa, akagombea urais kwa UDP mwaka 1995 na tena 2000, akawa mbunge wa Bariadi Mashariki na akaongoza Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali. Urais hakuupata. Lakini mtu wa upinzani akikagua vitabu vya Serikali kwa ruhusa ya Bunge lenyewe, nchi imepiga hatua.

5. Mkulima akikasirika, msikilize kabla hajavaa viatu

Mwaka 1786 wakulima wa magharibi mwa Massachusetts, wengi wao askari wa vita vya uhuru, walikuwa wanadaiwa madeni na kodi wasizoweza kulipa, na mahakama zinawauzia mashamba. Wakiongozwa na watu kama Daniel Shays, wakazifunga mahakama kwa nguvu. Wakubwa wakashtuka, na mshtuko huo ni sababu mojawapo ya mkutano wa Katiba kuitishwa mwaka uliofuata.

Kwetu, mambo kama hayo yalitokea Geita mwaka 1958. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewaletea wananchi baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi bila kuwauliza, juu ya amri za miaka mingi za jinsi ya kulima na ng'ombe wangapi wapunguzwe, chini ya mpango wa maendeleo wa Usukuma ulioanza 1947. Watu wakavuka kwa maelfu hadi Mwanza kudai wasikilizwe. TANU ilikuwa imezuiwa kuendesha matawi Usukumani tangu mwishoni mwa 1954, kwa hiyo mkoloni hakuweza kusema kwamba ni wanasiasa wa mjini waliowapanga watu foleni. Mwaka huohuo zuio la TANU likaondolewa.

Kulima kwa matuta si kitu kibaya, wala kuhifadhi udongo. Ubaya ulikuwa kwenye amri. Afisa yeyote anayesoma haya akiwa na mpango mzuri wa kilimo mkobani, tafadhali aanze na maswali.

4. Mizani

Hapa tukae, na anayetaka kwenda haraka atangulie.

Pamba ndiyo zao lililoiumiza Marekani kuliko yote. Eli Whitney alipobuni mashine yake ya kutenganisha mbegu na nyuzi mwaka 1793, Wamarekani wengi walidhani utumwa unaelekea kufa wenyewe. Mashine ile, kazi yake ni ileile ya viwanda vyetu vya kuchambua pamba, ikaugeuza kuwa biashara yenye faida kubwa mno. Mwaka 1790 watumwa walikuwa karibu 700,000. Mwaka 1860 walikuwa karibu milioni nne. Maneno ya 1776 kuhusu usawa wa binadamu yalikuwa ukutani muda wote huo, na Jefferson aliyeyaandika alimiliki watu zaidi ya 600 katika maisha yake.

Kwetu nako pamba ilianza kwa kiboko. Vita vya Maji Maji vililipuka Umatumbi mwaka 1905 kwa sababu Wajerumani walilazimisha watu kuilima. Usukumani, chini ya Waingereza, ilikuja kuwa zao la fedha la watu wenyewe, hasa baada ya reli kufika Mwanza mwaka 1928. Mkulima alilima, akapalilia, akachuma, akapeleka kwa mnunuzi. Na kwa mnunuzi ndipo nchi yetu inapoanzia. Mnunuzi alimiliki mizani, akaisoma mizani, akaandika alichosoma, akalipa alichoandika. Kazi nne, mtu mmoja! Mkulima aliyetoka porini na mzigo kichwani alijua fika uzito wa mgongo wake, na mizani ikamwambia mgongo wake unasema uongo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaanza kuweka watu wao wa kuangalia mizani. Rudi usome sentensi hiyo, kwa sababu ndani yake kuna Bunge, kuna mkaguzi wa hesabu na kuna tume ya uchaguzi. Hawakuchoma ghala la mtu. Walisema: tutahesabu pamoja. Kijana mmoja mwana wa mchungaji, Paul Bomani, akawaunganisha kwenye chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, akaenda kusomea ushirika Loughborough, Uingereza, akarudi, na mwaka 1955 ikazaliwa Victoria Federation of Co-operative Unions, muungano wa vyama vya wakulima uliokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika Afrika. Kufikia uhuru, pamba ya Kanda ya Ziwa ilikuwa mikononi mwa vyama vya wakulima wenyewe.

Angalia tarehe hizo na zuio la TANU, 1954 hadi 1958. Mkoloni aliziba mlango wa siasa, akasahau dirisha la ghala. Ndani ya vyama vya pamba watu walichagua wenyeviti, walifukuza makarani wezi, walisomewa mapato na matumizi, walibishana hadi usiku. TANU iliporuhusiwa kurudi ilikuta watu wameshasoma somo lote.

Na sasa sehemu inayouma. Mwaka 1976 Serikali ya wananchi ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Vilikuwa na wizi? Baadhi, ndiyo, na uzembe pia. Lakini dawa ya mizani mbovu ni kuirekebisha mbele ya mkulima, na waliobomoa waliondoa shule ambayo wao wenyewe walisomea uongozi. Mwaka huohuo wa 1976 Wamarekani walikuwa wanasherehekea miaka 200 ya taifa lao, na balozi wetu mjini Washington alikuwa nani? Paul Bomani. Natamani sana kujua alifikiri nini.

Ushirika ulirudishwa miaka ya 1980, na tangu 2018 pamba ya Simiyu inanunuliwa tena kupitia AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika. Kwa hiyo, ndugu yangu wa Dutwa, wa Lagangabilili, wa Mwanhuzi, siku ya mkutano mkuu usibaki nyumbani ukasema wataniambia. Babu yako hakusubiri kuambiwa.

3. Amua mapema nani ni mwenzako

Wale wanunuzi wenye mizani, wengi walikuwa Waasia. Hilo halifichiki, na mkulima wa Usukumani alikuwa na sababu zote za kubeba kinyongo hadi kwenye sanduku la kura. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Bunge pale Ukumbi wa Karimjee lilijadili sheria ya uraia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa weusi tu, wengine wasubiri kwanza wapimwe. Nyerere akawajibu kwa ukali ambao haukuzoeleka kwake. Alisema Serikali yake haitaanza safari kwa kubagua watu kwa rangi, na wakitaka hivyo watafute Serikali nyingine. Kura ikapigwa, akashinda.

Wamarekani, kwenye njia panda kama ile, mwaka 1787, walikata kona nyingine. Waliandika Katiba nzuri kwa ufundi wa ajabu, wakaacha ndani yake utumwa, na biashara ya kuleta watumwa wakaipa ulinzi wa miaka 20, hadi 1808. Kuurekebisha uamuzi ule kuligharimu vita ya wenyewe kwa wenyewe na marekebisho ya Katiba ya 1865, na deni bado wanalilipa.

Nina furaha kubwa kwamba tulijibu vile. Mhindi aliyezaliwa Maswa ni mtu wa Maswa, na akikusalimia mwadila bila lafudhi, utamwambia nini? Ila uamuzi ule wa 1961 haujitunzi wenyewe. Mara ya mwisho kusikia mtu akiulizwa kabila lake kabla ya kuulizwa hoja yake ilikuwa lini? Wiki hii, bila shaka, na huenda aliyeuliza ni rafiki yako. Mkatalie palepale.

2. Andika haki wakati bado mnapendana

Katiba ya Marekani ilipokamilika 1787 haikuwa na orodha ya haki za raia. Waasisi wengi walidhani haihitajiki. Wananchi wakasema bila hiyo hatutaki, na mwaka 1791 marekebisho kumi yakaingia: uhuru wa kusema, wa kuabudu, wa kukusanyika, wa kutopekuliwa ovyo, wa kuhukumiwa kwa haki.

Na sisi tulikata shauri hivyohivyo, kwamba haihitajiki. Katiba ya uhuru ya 1961 na ya Jamhuri ya 1962 hazikuwa na sura ya haki, na 1962 hiyohiyo ikaja sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Hoja ilikuwa kwamba nchi changa ina haraka ya kujenga na majaji watatuchelewesha. Sura ya haki ikaingia kwenye Katiba mwaka 1984, miaka 23 baada ya uhuru, na mahakama zikaanza kuitumia 1988.

Waliopendana mwaka 1961 wangeweza kuandika haki hizo kwa jioni moja, na hakuna ambaye angekataa.

1. Msingi haujaisha kama mwenye nyumba hajapiga kura

Nambari moja ina mtu wa Bariadi ndani yake, kwa hiyo vuta kiti.

Mwaka 2012 ulizaa watoto wawili. Machi, Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, makao makuu Bariadi. Aprili, Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba ikaapishwa. Mtoto wa kwanza amekua: ana wilaya tano, Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ana barabara, ana hospitali ya mkoa. Mtoto wa pili bado yuko kabatini.

Tume ile ilizunguka nchi nzima ikiuliza watu wanataka nini. Linganisha na Philadelphia: kule milango ilifungwa, madirisha yakafungwa katikati ya joto la kiangazi, walinzi mlangoni, na wajumbe wakakubaliana kutotoa siri. Kwa uwazi wa kuanzia, sisi tuliwashinda mbali, na nasema hivyo nikijivunia. Machi 2014 Warioba akaiwasilisha rasimu mbele ya Bunge Maalumu mjini Dodoma. Ilipendekeza Serikali tatu. Ilitaka mawaziri wasiwe wabunge. Ilitaka wapiga kura wawe na njia ya kumwondoa mbunge wao kabla ya muda. Bunge likawaka moto, wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka Aprili, na waliobaki wakaendelea. Kamati ya Uandishi, ile iliyoshika kalamu yenyewe, iliongozwa na Andrew Chenge, Mwanasheria Mkuu wa zamani na wakati huo mbunge wa Bariadi Magharibi. Oktoba 2, 2014 Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa, Serikali tatu zikiwa zimebaki nyuma. Kura ya maoni ikapangwa Aprili 30, 2015. Ikaahirishwa. Haijapigwa.

Sasa turudi kwa wale wa madirisha yaliyofungwa. Walipomaliza siri yao Septemba 17, 1787, waliitoa hadharani na kusema haiwi sheria hadi majimbo tisa kati ya 13 yaikubali katika mikutano iliyochaguliwa kwa kazi hiyo. Watu wakabishana kwa miezi kumi kwenye magazeti, makanisani, kwenye vilabu vya pombe. Virginia ilipita kwa kura 89 dhidi ya 79. New York, 30 dhidi ya 27. Rhode Island, ambayo haikutuma hata mjumbe mmoja Philadelphia, ikaja kukubali mwaka 1790 kwa kura 34 dhidi ya 32. Ukisikia mtu anasema Katiba inataka kwanza wote tuwe na kauli moja, mwonyeshe hizo kura mbili za Rhode Island. Waliopiga kura walikuwa wanaume wachache wenye mali, na aibu hiyo ni yao. Lakini hatua yenyewe, ya kuwarudishia watu maandishi wayapime na wawe na uwezo wa kuyakataa, hiyo waliivuka, na sisi tuliokusanya maoni ya kila wilaya tumesimama hatua moja kabla ya mlango.

Utaniambia mkulima hana muda wa ibara. Ana muda, na ana uzoefu. Mtu anayemsimamisha karani kwenye mkutano wa AMCOS amweleze kwa nini kilo za Jumanne hazilingani na malipo ya Ijumaa anaweza kumsimamisha yeyote kwenye ibara ya madaraka ya Rais. Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo na halihitaji mfadhili: rasimu ya Warioba na Katiba Inayopendekezwa ziwekwe pamoja, kwa Kiswahili kama zilivyoandikwa, kwenye kila ghala la AMCOS katika wilaya zetu tano, na kila mkutano mkuu usome sura moja na kubishana juu yake, anayejua kusoma akimsomea asiyejua. Chama tawala kije, upinzani uje, mchungaji na shehe waje, mama aliyetoka kuchuma pamba apewe nafasi ya kwanza kuuliza.

Mimi nikipewa kipaza sauti nitaanza na ile ya mbunge. Je, mpiga kura wa Busega au Meatu awe na haki ya kumrudisha mbunge wake nyumbani kabla ya miaka mitano kwisha? Nasema ndiyo, kwa masharti magumu, saini nyingi na sababu zilizotajwa wazi. Wewe unayesema hapana, njoo na ibara yako, kaa hapa mbele.